Nilichora farasi wa rodeo wa mzee mmoja hapa Joburg, kisha nikamrudia mara saba. Hadi leo najuta

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sikuhadithiwa, imenikuta mwenyewe, na nitaieleza yote hata pale ninapoonekana mpumbavu.

Mimi ni mchoraji, mtoto wa Temeke. Kazi nilijifunza kwenye banda la wachoraji Dar: twiga, tembo, rangi za kung'aa. Banda letu lilikuwa na utaratibu mmoja. Picha ikinunuliwa, unairudia. Ikinunuliwa tena, na jirani yako anairudia. Hakuna aliyeuita wizi.

Huku nina meza Marshalltown, katikati ya Joburg. Twiga waligoma kununuliwa, nikahamia picha za western: cowboy, kofia, farasi wa rodeo anayeruka na kurusha mateke amtupe aliye mgongoni. Wenye steakhouse, ile migahawa ya nyama, wanazipenda. (Msicheke, hata mimi sijawahi kupanda farasi.)

Siku moja akasimama mzee wa Kiafrikana, Mzungu wa huku, kutoka mtaa wa Kensington, anachechemea. Nilimwita Oom, kama wanavyowaita wazee wao huku. Akazitazama picha zangu, akatikisa kichwa.

"Farasi wako wanacheza muziki," akasema. "Hawajakasirika."

Kumbe ujanani alikuwa mpanda rodeo. Farasi wake aliitwa Bles, alizeeka naye, akafa mwaka jana. Oom hana mke wala mtoto. Alikuwa na picha moja tu ya Bles, ndogo, imefifia. Akaniomba nimchore.

Jumamosi tatu nilikwenda kwake. Alinikalisha jikoni, akanipa kahawa, akanieleza jinsi kichwa kinavyoshuka katikati ya magoti na mgongo unavyopinda. Sikio la kushoto la Bles lilichanika kwenye seng'enge.

"Sikio usilirekebishe," akaniambia.

Siku ya kumkabidhi, Oom aligusa lile sikio kwa kidole. Halafu akasema, "Nilidhani sitamwona tena."

Nilitoka pale najiona mchoraji wa kweli kwa mara ya kwanza maishani.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Picha ya ile kazi nilikuwa nayo kwenye simu. Nikamchora Bles mwingine, nikamweka mezani. Akanunuliwa siku hiyo hiyo. Mikono ikafuata mazoea ya Dar bila hata kuniuliza. Nikachora sita kwa mpigo, zote sikio limechanika.

Mama Furaha, Mkongomani anayeshona nguo meza ya pili, ndiye aliyenistua.

"Papa Saidi, ile si farasi ya ule muzee? Ulimuombaka ruhusa?"

Nikamjibu kwa kiburi kwamba picha nimechora mimi.

Wiki hiyo hiyo Oom akaja. Mkononi ameshika hatamu kuukuu ya ngozi, ya Bles. Alikuwa ameniletea zawadi, niitundike ninapofanyia kazi.

Akawaona wote sita wamepangwa mstari.

Hakufoka wakuu. Bora angefoka. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza polepole, "Wangu ni yupi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya banda letu, kwamba kwetu kurudia picha ni kawaida. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Akasema "sharp", yaani sawa, akaondoka na hatamu yake. Mama Furaha akainamia cherehani.

Jioni ile nilizipaka rangi nyeupe zote sita. Jumapili nikaenda Kensington kuomba msamaha. Oom alinifungulia, akanipa kahawa kama zamani, akasema yameisha. Lakini pale ukutani alipokuwa Bles palibaki msumari tu. Sikuthubutu kuuliza picha iko wapi.

Nilichojifunza: kuna picha ya kuuza, na kuna picha ambayo mtu amekukabidhi mpendwa wake umrudishe. Mimi nilijua kurudia picha, sikujua kwamba nyingine haitakiwi kurudiwa. Utaratibu wa nyumbani usiubebe mzima mzima kwa watu wasioujua, uliza kwanza.

Wachoraji, mafundi picha, na nyie mlioishi na wazee wa namna hii, nishaurini. Nimchoree mwingine? Naogopa nikimpelekea, atakuwa Bles wa tisa.