Utando Ulioondoka na Kitambaa

Pale uwanja mdogo wa ndege walimwita Mkono Pamba. Kazi yake ilikuwa kusafisha ndani ya ndege, na jina alilipata kwa jinsi alivyozishika skrini za rubani. Skrini hizo zina utando mwembamba unaozuia mng'ao wa jua. Hakuzipulizia dawa hata siku moja. Alilowesha kitambaa laini kwa dawa maalumu ya skrini kutoka chupa yake, akapangusa taratibu, kisha akazifunika zisichomwe na jua.

Asubuhi hiyo alipangusa skrini kubwa, ikabaki na ukungu. Akarudia. Ukungu ukazidi, halafu utando ukaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi ya kidonda. Moyo ukamlipuka paa! Akanusa kitambaa: harufu kali ikampanda hadi utosini. Dawa yake haikuwa na harufu yoyote.

Akampigia simu dada yake aliyeishi naye.

"Dada, umegusa chupa yangu ya kazini?"

"Enhe! Jana ulikuja nayo nyumbani, nikaona imebaki tone, nikakujazia ile yangu ya madirisha. Si kioo ni kioo tu, mdogo wangu?"

Simu nusura imponyoke. Akajibwaga kwenye kiti cha rubani, mdomo wazi.

Rubani akamkuta hapo. "Vipi, umeona jini?"

"Usiruke na ndege hii. Nimeiharibu."

Rubani akacheka, akidhani ni utani. Akawasha skrini. Jua likapiga pale utando ulipotoka, na namba za mwinuko zikapotea zote katika mng'ao. Kicheko kikamkauka.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Na leo kuna mawingu milimani."

Abiria wakahamishiwa ndege nyingine. Fundi mkuu alifoka mpaka sauti ikamkwama, akamwondoa Mkono Pamba kwenye kazi ya ndege na kumpa ufagio wa karakana mpaka skrini mpya ifungwe. Yeye hakujitetea. Wala hakumtaja dada yake.

Jioni alipomsimulia, dada yake alianza kwa kucheka: "Yaani dawa ya madirisha imeishinda ndege?" Kisha akamwona mdogo wake hacheki.

"Rubani asingeona alipo, dada. Na watu ndani."

Dada akaketi sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. "Ningeua watu? Mimi?"

Mkono Pamba alikuwa amerudi na maneno makali tele. Aliyaacha mlangoni. Akaketi kando yake, wakashikana mikono, chai ikapoa mezani.