Asante ya Mwavita

Respicius alipofika Guangzhou kusomea uzamivu wa kilimo, alikuwa na kipaji ambacho hakikuandikwa kwenye cheti chochote. Ujanani, kwao Muleba, Tanzania, alikuwa akitafsiri sinema katika kibanda cha video: picha ikienda, yeye anashika kipaza sauti na kuwasemea waigizaji wote, wake kwa waume, mpaka farasi. Watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, walipolijua hilo hawakumwacha. Jumapili baada ya ibada, Hénoc, Mkongo mwenye mgahawa karibu na jengo la biashara la Tianxiu, aliwasha runinga kubwa, akazima sauti, na Respicius akasimama kando ya runinga, kipaza sauti mkononi.

Kichina chake nacho kilikuwa safi, kwa hiyo wafanyabiashara walimwomba awasindikize huku na huko. Ndivyo alivyozoeana na Mwavita, mama wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akinunua viatu vya jumla katika soko la Liuhua. Mwavita alisumbuliwa na moyo kwenda mbio. Siku moja hospitalini daktari aliuliza kama aliwahi kupata mshtuko mkubwa. Respicius alitafsiri swali.

"Petit, mdogo wangu, hii sijamwambia mtu," alisema Mwavita. Kule kwao, basi alilopanda na mumewe lilisimamishwa njiani na majambazi watatu, ndugu wa tumbo moja, waliojulikana eneo lote. Walimpiga risasi mumewe. Kisha mmoja wao akaokota kitambaa cha kichwa cha Mwavita kilichoanguka, akampa. "Nami nikamwambia, merci, papa, Mungu akubariki. Mtu ameua bwana yangu, na mimi ninamushukuru!"

Respicius alimweleza daktari machache tu: alivamiwa, mumewe akauawa.

Miezi miwili baadaye Hénoc alileta sinema ya makauboi, kisa cha kweli cha ndugu wanne wa Marekani ya zamani waliopora benki na treni. Mgahawa ulijaa. Mwavita alikaa dirishani, sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mbele yake. Respicius alikuwa amepamba moto. Aliwapa wale ndugu lafudhi ya Kihaya, ya kwao Muleba, watu wakashika mbavu. Ikafika sehemu ya treni kuporwa. Kaka mkubwa alipita katikati ya abiria na bastola mkononi, kofia ya mama mmoja ikadondoka, jambazi akainama, akamrudishia. Midomo ya yule mama ikacheza.

"Merci, papa," Respicius akasema kwa sauti nyembamba ya Kikongo, "Mungu akubariki!"

Kicheko kililipuka. Hénoc alipiga meza. "Rudia! Rudia!"

Na hapo ndipo penye aibu yenyewe. Mara ya kwanza maneno yalimtoka tu. Mara ya pili alikuwa ameshakumbuka. Alimwona Mwavita, kijiko kimeganda mkononi, na bado akayarudia, kwa sababu watu arobaini walikuwa wakimsubiri.

Mwavita alifunika sahani, akamuaga jirani yake kwa adabu, akatoka. Respicius aliendelea mpaka mwisho. Hakumbuki aliwasemea nini wale ndugu walipokuwa wakifa.

Kesho yake asubuhi alimfuata Tianxiu, kwa wakala wa mizigo, akamkuta anafunga marobota.

"Dada Mwavita, nimekukosea."

"Hukutaja jina langu."

"Nilitaja maneno yako."

Mwavita hakuinua uso. "Miaka saba ninalia kwa yale maneno. Jana nimesikia watu wanayacheka. Hata Hénoc, na yeye ni mtu wa kwetu."

"Nisimame mbele yao niombe radhi?"

"Ili waulize ni kwa nini?"

Respicius akashika kamba ya robota amsaidie kufunga.

"Nenda shuleni, monsieur," alisema Mwavita. Hakuwahi kumwita hivyo; siku zote alimwita petit.

Safari iliyofuata ya hospitali, Mwavita alimchukua Laurette, mfanyabiashara mwenzake ambaye Kichina chake kinaishia kwenye bei. Respicius aliposikia, alimtafuta Laurette, akamwandikia maneno ya Kichina ya kutaja moyo, mapigo, usingizi na dawa, akakaa naye mpaka akaweza kuyatamka. Alimsihi asiseme nani kamfundisha.

Hénoc bado humwuliza lini atashika tena kipaza sauti. Yeye hujibu kwamba koo linamsumbua. Hénoc humchemshia tangawizi, naye huinywa yote, macho chini, kwa kuwa hawezi kusema kweli bila kumuumbua Mwavita mara nyingine.