Mihogo Iliyogoma Kulainika

Harufu ya javeli hunipokea kila asubuhi kabla sijavaa glavu. Ni ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Katika kiwanda cha mtindi ninakofanya kazi, hapa Westerville pembeni ya Columbus, tunaoshea meza. Wenzangu hawaisikii tena. Mimi inanirudisha Buffalo, kwenye nyumba yetu karibu na Grant Street, nikiwa na miaka kumi na mmoja na kiburi cha mtu aliyesoma muhula mmoja Marekani.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amefariki kwetu Uvira, na ndugu walikuwa wanakuja kwetu kwa matanga. Shikwange za siku hiyo, ile mikate ya mihogo, sharti zipikwe na mke wa mwana. Mama akanunua mihogo, akaimenya, akailoweka kwenye ndoo ili ichachuke na kulainika, ndipo aitwange na kuifunga majanini. Uvira ni siku tatu tu. Buffalo, mwezi wa pili, katikati ya baridi, siku ya nne mihogo ilikuwa migumu kama ilivyotoka dukani. Mama hakubabaika. Aliisogeza ndoo kando ya kipasha joto, akaifunika blanketi, tena blanketi langu, na kila akipita aliigusa ubavuni kama anayepima homa ya mtoto. Kesho yake mapovu yakaanza kupanda, na harufu ikapanda nayo.

Harufu hiyo, wapenzi, iliingia hadi kwenye koti langu la shule. Wasichana wawili wa kwenye basi, ambao chakula chao cha mchana kilikuwa chipsi za pakiti kila siku ya Mungu, wakaziba pua. Badala ya kuwadharau wao, jambo ambalo lingekuwa rahisi na la haki, nilimdharau Mama. Niliona aibu kuzaliwa na mshamba anayelaza ndoo kwenye blanketi. Aliponiuliza nina nini, nilimjibu kwa Kiingereza, makusudi, asielewe. Alipoingia kuoga, nikatoa chupa ya javeli chini ya sinki nikaimimina ndooni. Nilijiambia nataka kuondoa harufu tu.

Asubuhi mapovu yalikuwa yamekwisha. Mama aliinama, akanusa. Kisha akaibeba ndoo akaenda kuimwaga. Wageni walikuwa wanafika jioni hiyo, na hakukuwa na siku za kuanza upya.

Shangazi Feza, dada mkubwa wa Baba, alitoka Jeffersontown, kule Louisville. Ni mwanamke asiyeweza kuingia jikoni mwa watu bila kufunua masufuria.

"Bon, shikwange ya matanga ya maman iko wapi?"

"Baridi ya huku iliuwa mihogo, dada," Mama alisema.

"Baridi! Kwetu Louisville ni siku mbili tu, iko laini. Donc ni baridi, ao ni uvivu?"

Wanawake wakacheka. Baba akatazama viatu vyake, kazi aliyoiweza sana. Tukamlilia Bibi kwa ugali wa unga wa dukani, na Shangazi akala sahani mbili huku akisikitika. Nyumba yake ilipashwa joto usiku na mchana, na joto hilo alilihesabu kuwa ufundi wake. Kichwa kitupu kile!

Sasa nalipwa kulea vijidudu. Vya mtindi na vya mihogo vina tabia moja: baridi haiviui, huvilaza tu, na ukivipasha joto vinaamka kuendelea na kazi. Nilipojifunza hilo chuoni nilicheka peke yangu, nikamwona Mama mjinga kwa mara nyingine. Kisha kicheko kikanikauka. Mama alikuwa ameshaviamsha kwa blanketi langu. Alijua fika kwamba baridi haikuua kitu. Na niambieni, nani asiyeijua harufu ya javeli?

Hajawahi kuniuliza. Mpaka leo, tukienda Louisville kwenye sherehe za ukoo, Shangazi Feza humpa Mama vitunguu akate. Mihogo haruhusiwi kuigusa. Mama hukata. Mimi, mtaalamu wa vijidudu, hukaa kando yake na kisu changu, namdharau Shangazi kimoyomoyo, na sisemi neno.