Nilivyomsahihisha Mama Mkwe Kuhusu Hela

Nafundisha historia hapa Korogwe, na ninaandika haya nikiwa bado na aibu. Juzi mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Kwaluguru, akatoa sarafu kuukuu yenye tundu katikati. Maandishi yake yalikuwa yamelika na kuzibwa na uchafu, hayaonekani.

"Babu yangu alibebeshwa mizigo na Mjerumani, akalipwa hii," alisema. "Mwenyewe akiiita hela."

Nikacheka mbele ya mashemeji. "Mama, hela ni pesa yoyote ile. Mimi nauliza hii ni sarafu gani. Hizi zenye tundu ni za Mwingereza. Labda babu alichanganya."

Aliiweka sarafu mezani. Nikadhani ameelewa, basi nikaendelea kufundisha kana kwamba niko darasani, mpaka chai ikapoa.

Mke wangu aliingia jikoni. Alichukua ndimu na mswaki mkuukuu, akaisugua sarafu taratibu, kisha akaimulika kwa tochi ya simu.

"Soma, mwalimu."

Herufi zilikuwa hafifu, lakini zilisomeka: HELLER. Ni Kijerumani. Ndiko lilikotoka neno ninalolitamka kila siku.

Mama mkwe alinitazama kwa upole.

"Kwa hiyo, mwanangu, babu hakuchanganya?"