Mkono Niliouficha Siku ya Posa

Aibu ninazo nyingi, nimezihesabu mara mbili, lakini inayokaa juu ya lundo ni ya siku niliyokuwa mshenga wa Masanja, mtoto wa marehemu kaka yangu, tukaenda Ilembo kupanga ng'ombe wa mahari. Ilikuwa miaka ya tisini, na mkono wangu wa kulia ulishaanza kutetemeka (ugonjwa wa Parkinson, daktari alinieleza: unatoka kwenye ubongo, si ulevi, si kurogwa, na hauambukizi), ila mimi, mtu ninayebishana bei mtaani kwetu Kashaulili kote, nikaona bora niufiche mfukoni mwa koti, wasije wakasema mshenga anaogopa.

Sasa, mkono huu ukikaa bure ndiyo unatetemeka zaidi, na mfukoni mlikuwa na funguo za duka. Tulipoketi tu zikaanza kulia.

"Mshenga anatuchezea hela," akasema baba wa binti, taratibu kabisa. "Nilitaka kutaja ng'ombe ishirini. Basi ni thelathini."

Masanja akanitazama kama mtu anayeona nyumba yake inaungua (kaka aliacha ng'ombe kumi na saba, mmoja wao kilema). Kabla sijajibu likaletwa bakuli la maziwa ya mgando, nami nikanyoosha mkono wa kushoto. Bibi wa binti akanipima juu hadi chini.

"Hapa kwetu hata mtoto hapokei na kushoto. Wa kulia umeuweka rehani?"

Nikauchomoa kwa pupa, funguo zikaja nao, zikatumbukia kwenye maziwa, maziwa yakaruka kifuani kwa baba wa binti.

"Kalewa huyu," mtu akasema mlangoni.

Nikaona ndoa ya kijana inaondoka hivi hivi. Nikauweka mkono juu ya goti, wote wauone, nikawaeleza kama daktari alivyonieleza, na kwamba kichwa bado kinahesabu.

"Na huyu kijana naye atatetemeka?" baba akauliza.

"Daktari anasema mara nyingi haurithiwi. Kwa sasa anatetemeshwa na hao thelathini."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Akajaza bakuli upya, akanishikisha kwa mikono miwili, na mkono ulipopata kazi ukatulia kidogo, nikanywa mpaka chini. Kisha nikafuta mdomo, nikaanza mazungumzo upya, na jua lilipoinama tulikuwa kwenye kumi na tano (nikawahesabu tena), na kilema yumo.

Toka siku hiyo siufichi. Nikiingia kwa watu nautanguliza mbele: huu unatetemeka, mwenyewe sitetemeki, haya, tajeni bei.