Betri Nne za Redio

Hadi leo nikisikia muziki ule wa taratibu uliotangulia matangazo ya vifo redioni, natafuta pa kukaa. Nyumbani kwetu Manundu, mjini Korogwe, ulikuja mchana, harufu ya mafuta ya vitumbua ikiwa bado imejaa uani. Mama aliepua karai, akafuta mikono kwa kanga, akatunyamazisha. Simu hatukuwa nayo, wala hatukumjua mwenye nayo. Mtu akifa Kwaluguru, kule Handeni alikoishi bibi mzaa mama, habari ilitufikia kwa redio: jina la marehemu, kisha majina ya ndugu wa mbali wanaojulishwa.

Mwaka ambao dada yangu Mwanaidi alikuwa kidato cha nne, biashara huria ilikuwa imepamba moto. Mwalimu wake wa hisabati aliacha chaki akaenda kuuza mitumba, na shule haikupata mwingine. Nilimchukia mwalimu yule, na sijaacha. Baba mdogo, naye mchuuzi, alileta kutoka Dar kikokotoo kikubwa chenye kioo, akidhani ni cha mahesabu ya duka. Kilipokosa mnunuzi akampa dada, na dada ndiye aliyegundua kwamba kinachora. Aliandika mlinganyo wa kwadratiki, ule wenye x ya kipeo cha pili, na kwenye kioo ukajitokeza mstari uliopinda kama bakuli. Pale bakuli lilipokata mstari wa mlalo ndipo palipokuwa na majibu. Mtihani wa taifa haukuruhusu chombo kama kile. Dada alikokotoa kwa mkono, kisha akakitumia kujisahihisha, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia amepata au amekosa. Akifeli hisabati, shule ingeishia hapo, na karai la vitumbua lilikuwa linamngoja.

Betri ndogo za kikokotoo hazikupatikana duka lolote. Baba mdogo akavuta nyaya mpaka kwenye betri nne kubwa za redio, akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi tulizianika juani zipate nguvu, lakini hazikutosha kwa vyote viwili.

"Mama, na matangazo je?" dada aliuliza.

"Soma, mwanangu. Bibi yako mzima, nimemwacha analima."

Redio ikanyamaza. Kusema kweli mimi nilifurahi, kwa kuwa mchana tuliruhusiwa kupiga kelele.

Siku ya mtihani wa hisabati dada alirudi anacheka. Swali la kuchora lilikuja, na alijua bakuli lake limekata wapi. Mama alikuwa anammiminia chai alipoingia jirani yetu, Mama Saumu, aliyekuwa Mkata akiuza mahindi.

"Poleni sana na msiba," alisema. "Mmerudi lini kutoka Kwaluguru?"

Mama alitua birika, akamuuliza msiba gani. Mama Saumu alikuwa amesikia redioni, huko Mkata, jina la bibi, na jina la mama miongoni mwa wanaojulishwa. Alidhani tumeshazika na kurudi.

Tulipofika Kwaluguru udongo wa kaburi ulikuwa umekauka. Kaka yake mama hakumpa hata mkono. "Tulikutangaza mara mbili, dada. Ulikuwa wapi?" Mama hakutaja kikokotoo. Hakumlaumu Mwanaidi siku ile wala baadaye, na nadhani kulaumiwa kungekuwa nafuu kwa dada.

Dada alifaulu, akaendelea, na leo ni mhasibu Tanga. Mwanawe huandika mlinganyo kwenye simu na bakuli likachorwa papo hapo. Simu hiyo hiyo hutuletea habari za msiba kabla maiti haijaoshwa. Namwonea wivu mtoto yule, asiyelazimika kuchagua. Mama naye ana simu, na tumemwambia mara nyingi kwamba likitokea lolote tutampigia. Lakini mchana ukifika huepua kilichopo jikoni, hufuta mikono, na kusikiliza redioni majina ya watu asiowajua mpaka la mwisho. Dada akiwepo, yeye hutoka nje.