Upande wa Dada Kwenye Sinia

Nilimkuta dada yangu jikoni anakula kabichi ya kuchemsha akiwa amesimama, mlango kaupa mgongo, kama mtu anayeiba. Nilikuwa nimeshuka basi Mbezi Luis asubuhi ile na begi langu moja, nikaenda kwake Kipawa bila kupiga simu, kama ilivyo desturi yangu. Nyumba nzima ilikuwa sebuleni kwenye mkeka, wamelizunguka sinia la wali na mchuzi wa samaki, vicheko vinasikika mpaka nje. Yeye alikuwa peke yake na sahani ya plastiki ya mtoto.

"Umefukuzwa?" nikamuuliza.

"Niko kwenye diet," akasema, wala hakucheka.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Zahanati walikuwa wamempima wakamwambia sukari iko mpakani: si mgonjwa bado, lakini uzito ushuke, afuate karatasi la chakula walilompa, la oti na tufaha, arudi kupimwa shule zikifungwa. Kwetu sukari si neno la kuchezea. Mama yetu ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Dada ndiye aliyekuwa akimbadilishia bandeji, mie nikishika beseni. Kwa hiyo hofu yake niliielewa vizuri sana. Nisichokielewa ni kwa nini aiogope akiwa jikoni peke yake.

"Ukweni hawajui habari ya sukari," akaninong'oneza. "Na wewe usiseme. Wataona nimewaletea ugonjwa wa ukoo."

Sie ni watu wa bara, kwetu kila mtu na sahani yake. Lakini dada ameolewa kwa watu wa pwani wenye asili ya Kiarabu, wenye duka la nafaka tangu enzi za babu, na katika nyumba ile watu wanakula sinia moja. Anayejitenga na sahani yake ama anaumwa ama ana ugomvi. Dada hakuwa kitandani, hivyo mama mkwe wake alikuwa ameshaamua kuwa ni ugomvi.

"Shikamoo, mama," nikamsalimia jioni ile.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umemwona mwenzio? Amenisusia. Hebu muulize wewe, nimemfanya nini?"

"Ni mambo ya zahanati tu, mama. Wamemwambia apunguze mwili."

"Zahanati ndo wamesema asile na sie?"

 Swali lile lilinikaa kichwani, maana lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoyasikia baadaye.

Dada alikuwa ameingizwa kwenye kundi la simu la walimu wanaopunguza uzito. Kila mmoja anapiga picha sahani yake, anaandika kalori, kiongozi wa kundi anaweka dole gumba au anakaripia. Nikaomba simu nione. Oti. Tufaha nusu. Kifua cha kuku kisicho na chumvi. Brokoli, ambayo pale Kipawa ukiiulizia sokoni watu wanakutazama kama umeuliza njia ya kwenda mwezini. Na programu ya kuhesabia kalori haikuujua mlenda, haikuijua kisamvu, haikulijua tonge. Nikajiuliza, mashine isiyojua tunachokula itatuambiaje tumekula kiasi gani?

Shule niliiacha darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa utingo wa malori, nimeuza mitumba, nimechoma mahindi, nimelala kwenye miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja. Lakini kuuliza sikuacha. Nasoma hata karatasi la kufungia maandazi. Basi nikasoma maandishi ya dumu la mafuta mpaka chini, nikasoma mfuko wa unga, nikapekua kwenye simu kwa bando la dada mpaka akapiga kelele. Nikagundua kuwa kijiko kimoja cha mafuta kinalizidi kwa kalori tonge zima la ugali. Na jikoni kwa dada mafuta hayakupimwa kwa kijiko. Yalimiminwa mpaka mpishi aridhike.

Kumbe ugali tulikuwa tunauonea bure.

Kesho yake nikashika jiko. Mama mkwe akaniona natwanga kitunguu saumu, akasema, "Mwanaume mzima!" Nikamwambia, "Mama, barabarani hakuna wa kukupikia." Akacheka, akaniachia.

Nilipika vya nyumbani. Dagaa wa kuchemsha na nyanya nyingi, ndimu na pilipili, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria zima. Ugali wa dona wa ukubwa wa ngumi ya dada, si ngumi yangu. Choroko zilizoungwa kwa kitunguu na tangawizi, bila nazi. Ndizi mbichi na samaki kibua ndani ya sufuria moja, na bilinganya kwa ajili ya uzito wa mchuzi. Mlenda. Viazi vitamu asubuhi badala ya chapati. Nazi ikibidi, tui jepesi la mkamuo wa pili, lile zito nawaachia wenye miili myembamba. Kila chakula nikakipiga picha na kukitupia kwenye kundi la walimu na maelezo ya sauti, maana kuandika kunanichosha.

Wakanijia juu.

"Mwalimu, huyo anayeongea kwenye simu yako ni nani?"

"Ni mdogo wangu," dada akaandika.

"Mwambie ugali hapana kabisa. Hapa tuko siriasi."

Nikajibu kwa sauti: "Shikamooni walimu. Mie pia niko siriasi. Huyu dada atakula ugali akiwa mzee, kwa hiyo bora ajifunze kuula vizuri sasa hivi. Hizo oti mtakula mpaka lini? Mpaka mshahara uishe?"

Kundi likalipuka vicheko, ila kiongozi hakucheka. Wenzake wawili watatu walimfuata dada pembeni wakimwomba awatumie mapishi ya wale dagaa.

Sisemi nilipatia kila kitu. Kuna kitu tulikosea vibaya, na nadhani wengi wetu tunakikosea. Kwetu mboga za majani ni mboga, hazina lawama. Basi nikampikia mchicha kila siku, na mchicha bila karanga ni mchicha gani? Nikasaga karanga, nikamimina. Kisamvu nacho karanga. Matembele karanga. Dada akala kwa moyo mweupe, akaongeza, akapakua tena, si majani? Kisha jioni moja akaenda dukani kwa mumewe wateja walipoisha, akapanda kwenye mizani ya magunia. Shemeji akasukuma jiwe la mizani, akalisukuma tena, akakohoa.

"Imepanda," akasema kwa upole wa mtu anayependa maisha yake.

Dada alirudi amevimba kwa hasira. Nikapeleka swali kwenye kundi, na mwalimu mmoja aliyekuwa upande wetu akajibu: "Braza, huo mchicha au siagi ya kijani? Karanga ni mafuta hizo!"

Nilicheka peke yangu. Nikapekua, kweli. Tangu siku hiyo karanga nanyunyiza kama chumvi, na majani nayapika kwa nyanya na ndimu. Kiongozi wa kundi aliandika kuwa ndiyo matokeo ya kutofuata utaratibu. Nikamwambia utaratibu wetu umekosea mara moja, wake unakosea kila siku saa ya kula, unapomtoa mtu kwa watu wake.

Maana dada alikuwa bado anakula jikoni. Chakula changu kizuri, lakini bado mlango umefungwa. Na sebuleni kimya kilikuwa kinakua. Mama mkwe alikuwa ameacha kumwita mwanangu, anamwita mwalimu.

Nikaanza kuwaangalia wanavyokula. Kwenye sinia lile hakuna anayevuka kwenda upande wa mwenzake. Unakula kilicho mbele yako, ndivyo watoto wanavyofundishwa tangu wadogo. Nikajiambia, basi sahani ya dada ipo tayari, ipo ndani ya sinia! Nikaomba nipange sinia mimi. Mbele ya dada nikaweka wali kiasi cha ngumi, kilima cha mboga, kipande cha samaki. Kwa wengine wali kama kawaida.

"Njoo," nikamwambia. "Kalori zako zimekaa hapo zinakusubiri."

Akaja. Akaketi kwenye mkeka. Mama mkwe alimsogelea kidogo, magoti yao yakagusana.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo. Dada alikula sinia kila siku, akawa na raha, lakini jiwe la mizani halikushuka. Tukahesabu upya. Tukapunguza wali. Wapi. Dada akaanza kusema arudi jikoni. Jumapili moja nikakaa mkekani bila kula, nikaangalia mikono tu, ndipo nikaona vidole vya mama mkwe.

Katika nyumba ile mkubwa anayempenda mtu humsogezea. Anachambua mnofu, anautenganisha na mwiba, anausukuma polepole mpaka upande wa mwenzake, huku anaongea habari nyingine. Wali nao vilevile, pale penye tui lililoganda vizuri. Na aliyesogezewa anakula. Hakatai, hashukuru, wala harudishi, maana kurudisha ni kama kumtupia mtu salamu yake usoni. Mama mkwe alikuwa amempata mkwe wake tena, akawa anafurahi kwa vidole. Upande wa dada ulikuwa haupungui. Dada alijua muda wote, na angesemaje?

Jumapili ile ilikuwa pilau, na matembele mbele ya kila mtu. Mnofu wa kwanza ukaenda, wa pili ukafuata. Wa tatu ulipoanza safari, mdomo wangu ukafunguka.

"Mama, samahani. Usimsogezee."

Watu wakaacha kutafuna. Shemeji akaviangalia vidole vyake kama ameviona leo.

"Unasemaje?"

"Nasema upande wake umeshajaa, mama."

"Wee kijana! Umekuja na begi moja, leo unapangia mpaka vidole vyangu viende wapi?"

Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi la paja.

"Unikasirikie mie, mama, sio yeye," nikasema. "Lakini sie mama yetu..."

"Nyamaza, mdogo wangu," dada akasema.

 Dada akauchukua ule mnofu wa tatu, akausukuma taratibu juu ya wali, akaurudisha mpaka mbele ya mama mkwe. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye sinia lile. Shemeji alishtuka, nilimsikia akivuta pumzi.

"Huu ni wako, mama," dada akasema. "Sijakususia. Sijawahi kukususia. Nina sukari, iko mpakani. Mama yangu ilimuua, walianza kumkata hapa, wakaja mpaka hapa." Akaonyesha kwenye mguu wake mwenyewe. "Mie nataka kula na nyie, jikoni sirudi tena. Lakini ukinipenda, nisogezee majani."

Mama mkwe akautazama ule mguu.

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Na mimi nakusogezea minofu."

"Hukujua, mama."

"Ningejuaje? Hamsemi! Watu wa bara nyie mnaficha mpaka kifo chenu." Akanigeukia. "Na wewe umekaa na siri hiyo jikoni kwangu, unatwanga vitunguu saumu!"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikishiba."

Akavuta matembele kutoka upande wake, kisha upande wa shemeji, kisha akavuka sinia zima, yeye aliyewafundisha watoto wote wasivuke, akazoa ya upande wangu. Akayasukuma yote mbele ya dada, lundo refu kuliko pilau, mpaka dada akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Kula basi. Kula majani yako. Na wewe," akanielekezea kidole chenye pilau, "kesho haya uyatie ndimu zaidi. Mwanangu asije akafa kwa kukosa ladha."

Nilipiga picha lile sinia lilivyo, na vidole na lundo na kila kitu, nikalitupia kwenye kundi. Kiongozi akauliza hesabu ya kalori iko wapi. Nikamwambia hesabu ipo upande wa kulia, ile ya kijani, na anayeihesabu ni mama mkwe. Akatutoa kwenye kundi. Dada alisoma, akaiweka simu kifudifudi, akaendelea kuchambua matembele ya jioni. Wale walimu wawili watatu wanaendelea kuniuliza mapishi, nami nawatumia, ugali ukiwemo.

Jiwe la mizani limeanza kushuka, kidogo kidogo. Shule zinafungwa wiki ijayo na dada anarudi zahanati. Sijui watampa jibu gani, na sitaki kujifanya najua. Mama mkwe amesema wataenda wote wawili. Ameshatoa baibui lake la kutokea, ameliweka kwenye kiti.

"Nitawaambia mwenyewe huyu anakula nini na anakula na nani," anasema. "Wasije wakampa tena karatasi la chakula cha watu wengine."